Mtoto wa mbwa mdogo akilegea ghafla usidhani amelala: sukari yake imeshuka

#1 Mleta uzi (Mtwara)

Habari za jioni wanajukwaa. Uzi ni mrefu, mnivumilie, hasa nyie mnaonunua vijibwa vya manyoya Dar na kuvileta huku kusini. Mwaka jana nilizika mtoto wa mbwa wa wiki 8 chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Kilichomuua kingezuilika kwa asali kidogo na kuangalia saa.

Alikuwa wa aina ya Maltese, jike, mweupe pee. Nilimwita Simbi. Gramu 700, yaani ukimweka kiganjani anaenea. Aliyeniuzia alinionya nisimlishe kabla ya safari asije akatapika njiani, nikaona ni ushauri wa mtu mzoefu. Basi likaondoka Mbagala saa 12 asubuhi. Boksi nilikuwa nimelitoboa matundu, ndani nimetandika khanga kuukuu. Kibiti nikamwonjesha maji. Nangurukuru abiria wakashuka kula, nikachungulia nikamwona amejikunja, nikasema afadhali, amelala, hasumbui watu. Saa 10 jioni tukaingia stendi ya Mkanaledi.

Nyumbani watoto wa mtaa mzima walikuwa wanamngoja. Kila mmoja anataka ampakate. Akacheza nao mpaka magharibi. Nikamwekea ugali laini wa muhogo na mchuzi wa samaki, akalamba mara mbili akauacha. Nikasema ni uchovu wa safari, kesho atakula.

Alfajiri nilimkuta amelala ubavu, masikio ya baridi. Nilipomwinua shingo ilianguka upande. Ufizi ulikuwa mweupe. Halafu miguu ikaanza kupiga kama mtu anayeogelea, taya zikawa zinagongana. Jirani mmoja akasema hii ni degedege. Mwingine akasema kichaa cha mbwa, akawakusanya watoto ndani. Mimi nikakimbilia kikombe cha maziwa nikamminia mdomoni. Yakatokea puani. Saa 1 asubuhi alikuwa ameshakufa.

Daktari wa mifugo niliyempata baadaye aliniuliza swali moja: mara ya mwisho alikula lini akashiba? Nikahesabu. Ilikuwa usiku wa kuamkia safari. Zaidi ya saa 30.

Mbwa mkubwa wa kienyeji akikaa siku nzima bila kula, keshoyake utamkuta getini anabweka. Hawa wadogo sivyo walivyo. Chihuahua, Maltese, Yorkshire, Pomeranian, Shih Tzu, hao wote wakiwa na wiki 6 hadi miezi 4 hivi wanaishi kwa chakula cha saa chache zilizopita. Wakiruka milo miwili, sukari kwenye damu inaisha na ubongo unaanza kuzima.

Wa pili naye ni Maltese, anaitwa Tui. Huyu nilikataa kumchukua mpaka afikishe wiki 11 na awe anakula chakula kikavu mwenyewe. Njiani nilimlisha kila basi liliposimama, kidogo kidogo, hakutapika hata mara moja. Lakini wiki ya pili, usiku mmoja wa Julai wenye upepo wa kusi, nikapitiwa na usingizi bila kumpa mlo wa saa 5. Saa 9 usiku nikasikia kucha zake sakafuni, mwendo siuelewi. Nikawasha taa. Anatembea kama mlevi, miguu ya nyuma inamkimbia, macho yamekodoka lakini hanitazami.

Asali ndani sina. Nikagonga kwa bibi jirani. Bibi huyu ni mtu wa dini, mbwa hamgusi, na tumeishi kwa kuheshimiana miaka yote. Akafungua dirisha, akanipa chupa ya asali ya Liwale, akasema, "Nenda mwanangu, usimame hapo kufanya nini?" Nikachovya ncha ya kidole, nikampaka Tui kwenye ufizi, ndani ya shavu na chini ya ulimi. Nikamfunga khanga, nikamweka kifuani chini ya nguo. Nikapaka tena. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Karibu na ya tano ulimi ukatoka, ukalamba kidole changu. Nililia, wanajukwaa, siwafichi.

Alipoweza kusimama nilimpa yai la kuchemsha nililolisaga na maji ya moto kidogo. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wakimwona amezinduka kwa asali wanashukuru Mungu na kurudi kulala. Asali inamzindua tu, haikai. Inapanda haraka, mwili unaikimbiza, na baada ya muda mfupi anaweza kuanguka tena, hata chini zaidi ya mwanzo. Kinachomshikilia ni chakula chenye protini na mafuta, kile kinachomeng'enywa polepole.

Karibuni kwa maswali na kwa nilipokosea.

#2 Mchangiaji (Masasi)

Pole sana dada kwa Simbi. Nina Pomeranian wa wiki 10. Kwa siku nimlishe mara ngapi? Mimi nampa asubuhi na jioni, kama mbwa wengine.

#3 Mleta uzi

Ahsante kwa pole, mkuu. Mara mbili ni hatari kwa umri huo, badilisha leo. Mimi Tui nilikuwa nampa mara 5: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 5 usiku kabla sijalala. Huo wa saa 5 ndio muhimu kuliko yote kwa sababu unavuka nao usiku kucha. Ana gramu chache sana, wakati mwingine amshe ndipo ale.

Chakula: kile kikavu cha watoto wa mbwa nilikiloweka kwa maji ya vuguvugu. Kikikosekana ni kuku wa kuchemsha, yai, au samaki asiye na miba, na wali kidogo. Usitie kitunguu, ni sumu kwa mbwa. Kosa langu na Simbi lilikuwa ule ugali wa muhogo. Ni wanga mtupu. Sisi tunaushiba kwa sababu tunao mchuzi na samaki pembeni, yeye alilamba ule wanga tu, na wenyewe mara mbili. Maziwa ya ng'ombe nayo usimzoeshe, wengi yanawaharisha, na akiharisha sukari ndiyo inazidi kushuka.

Nunua mzani wa jikoni. Nilikuwa nampima Tui kila asubuhi na kuandika kwenye kalenda ya ukutani. Mtoto wa mbwa anatakiwa aongezeke kila siku. Siku mbili mfululizo hajaongezeka, usisubiri ya tatu.

#4 Mchangiaji (Lindi mjini)

Mimi ni afisa mifugo, niongezee kwenye aliyoyasema dada, na kwa sehemu kubwa yuko sahihi.

Kwa nini wadogo tu? Sukari ya akiba inakaa kwenye ini na misuli. Mtoto wa Chihuahua ana ini dogo na misuli kiduchu, mafuta karibu hana, lakini kichwa ni kikubwa kulinganisha na mwili, na ubongo ndio unaokula sukari muda wote. Ini la mbwa mkubwa, akiba ikiisha, linatengeneza sukari mpya kutokana na protini. La mtoto halijakomaa, kazi hiyo haliiwezi vizuri. Tena mwili mdogo unapoteza joto haraka, na kujipasha joto kunakula sukari hiyohiyo.

Kwa hiyo Simbi hakuuawa na njaa peke yake. Njaa, hofu ya safari, baridi ya alfajiri na kuchezewa mpaka magharibi, vyote vilikutana kwenye gramu 700.

Kwa vipimo: sukari ya mtoto wa mbwa mwenye afya huwa juu ya 4 mmol/L (kizio cha kupimia sukari kwenye damu). Akiwa chini ya 3.3 tunasema imeshuka, na wengi wakifika karibu na 2 ndipo wanapopata kifafa au kuzimia. Mashine ya kupima sukari ya binadamu inaweza kutumika kwa tone la damu ya ncha ya sikio, lakini ijulikane kwamba kwa damu ya mbwa mara nyingi inasoma chini kidogo ya uhalisia. Usingojee mashine. Akiwa na dalili, paka asali kwanza.

Na lile la maziwa, dada, sikulaumu, kila mtu hufanya hivyo. Mnyama aliyezimia au anayepigwa na kifafa hamezi. Ukimminia kitu kinaingia kwenye mapafu. Unapaka kwenye ufizi, unasubiri. Na chunga kidole, taya zikifunga hajui kama ni wewe.

#5 Mchangiaji (Mikindani)

Kwetu tunajua mtoto wa mbwa akitetemeka hivyo anamwagiwa maji ya baridi ashtuke. Nimeona wakiamka.

#6 Mleta uzi

Kaka yangu, nakuomba usifanye hivyo kwa hawa wadogo. Anayeanguka kwa sukari huwa tayari amepoa. Maji ya baridi yanamwibia joto lililobaki. Mfunge nguo kavu, au weka chupa ya maji ya moto uliyoizungushia khanga mbili pembeni yake, isimguse moja kwa moja maana ngozi yake ni laini, inaungua.

Na joto ndilo la kwanza kabla ya chakula. Mwili ukiwa wa baridi tumbo halifanyi kazi, chakula kinakaa tu humo ndani. Asali kwenye ufizi na joto vinakwenda pamoja, chakula kinafuata akishapata joto na kusimama mwenyewe.

#7 Mchangiaji (Kilwa)

Nakazia kuhusu safari. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara eneo la Somanga, shemeji yangu alikuwa njiani na Yorkshire wa miezi 2 na nusu. Magari yamejipanga, mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki. Chakula alichobeba kilikuwa cha saa 10 tu. Kilichowavusha ni mayai ya kuchemsha ya wauza vitafunio na glukosi ya unga aliyokuwa nayo abiria mmoja mama mjamzito. Kijiko kimoja cha chai kwenye vijiko vitatu vya maji, anamlambisha kati ya mlo na mlo. Tangu hapo kwetu hakuna anayesafirisha mnyama kwenye hii barabara bila chakula cha siku 2.

#8 Mchangiaji (Masasi)

Swali jingine. Baba yangu ana kisukari, ndani tuna zile pipi na utamu wake usio na sukari. Dharura ikitokea usiku naweza kutumia hizo?

#9 Mchangiaji (Lindi mjini)

Hapana, tena hapana! Kwanza hazina sukari, hazitapandisha kitu. Pili, baadhi zina utamu uitwao zailitoli. Kwa binadamu hauna shida kubwa, ila kwa mbwa unafanya kongosho limwage insulini nyingi, sukari inaporomoka ndani ya muda mfupi, na kipimo kikizidi ini linakufa. Unawekwa pia kwenye bigijii zisizo na sukari na baadhi ya siagi za karanga. Hata mbwa mkubwa mzima anaweza kufa nao. Ziweke mbali na sakafu.

Tumia asali, glukosi ya unga, au sukari ya kawaida iliyokorogwa kwenye maji ya vuguvugu. Hivyo vitatu havikosekani kwenye duka lolote la mtaani.

#10 Mchangiaji (Newala)

Wanangu, mimi ni mama mtu mzima, nafuga huku juu uwanda wa Makonde. Nyie wa pwani mnasema baridi, njooni Newala kipupwe. Vitoto vyangu navilaza kwenye kapu lenye blanketi, mbali na mlango, na sakafu ya saruji sivilazi kabisa. Usiku naamka saa 8 kuvipa kidogo. Watu wananiuliza mbwa ndiye wa kuamkiwa? Nawaambia kitoto ni kitoto.

Mwanangu mleta uzi, Mungu akuwekee Tui.

#11 Mleta uzi

Shikamoo mama. Amina. Nimekushukuru sana kwa hilo la sakafu, sikuwa nimelifikiria.

#12 Mchangiaji (Nachingwea)

Wakuu naomba msaada sasa hivi. Saa 4:40 usiku. Nina mtoto wa Chihuahua, wiki 9, tangu mchana hajala. Anatembea anagonga ukuta, kichwa kimepinda upande, udenda unamtoka. Nifanye nini?

#13 Mleta uzi

Una asali au sukari? Paka kwenye ufizi SASA, kidogo, usimimine. Mfunge nguo, mweke kifuani. Paka tena kila baada ya dakika 2 au 3. Tuko hapa.

#14 Mchangiaji (Lindi mjini)

Mkuu, wakati unapaka, mwingine hapo nyumbani ampigie daktari wa mifugo wa hapo Nachingwea. Dakika 10 zikipita bila mabadiliko anahitaji dripu ya glukosi kwenye mshipa, hiyo haina mbadala wa nyumbani. Na usikubali mtu akuletee glukosi kali ya asilimia 50 mchome wenyewe, ile lazima izimuliwe, inaunguza mishipa.

Niambie pia: amechanjwa? Amewahi kuumwa na mbwa mwingine? Kuna aliyemwekea panya sumu hapo? Nauliza kwa sababu si kila mtetemeko ni sukari. Kuna kichaa cha mbwa, kuna ugonjwa wa distempa, kuna sumu. Akikung'ata katika kuhangaika huko na hujui historia yake, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 uende hospitali asubuhi hiyohiyo.

#15 Mchangiaji (Nachingwea)

Hakuna sumu, hajang'atwa. Sina asali, nimekoroga sukari. Mke wangu anampaka, mimi naandika. Ufizi mweupe sana. Daktari amepokea simu, yuko mbali kidogo, anakuja na pikipiki.

#16 Mchangiaji (Nachingwea)

Saa 4:58. Amelamba.

#17 Mleta uzi

Alhamdulillah. Endeleeni kumpasha joto. Mwacheni anyanyue kichwa mwenyewe. Akisimama bila kuyumba mpeni yai la kuchemsha au kuku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, laini. Baada ya nusu saa kingine. Na daktari mwacheni aje, msimwambie arudi.

#18 Mchangiaji (Lindi mjini)

Nakubaliana, daktari aje. Sukari kushuka ni matokeo, kuna kilichomfanya asile tangu mchana, hicho ndicho cha kutafutwa. Tumbo lake likoje? Limevimba na mwili umekonda?

#19 Mchangiaji (Nachingwea)

Limevimba ndiyo, tulidhani ni shibe.

#20 Mchangiaji (Lindi mjini)

Hapo nawaza minyoo. Watoto wa mbwa huzaliwa nayo, inatoka kwa mama tangu tumboni na kwenye maziwa. Ndiyo maana dawa inaanza wiki ya 2 tangu kuzaliwa, na kurudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka wafikishe wiki 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Wauzaji wengi hawafanyi. Unanunua mbwa mdogo ambaye nusu ya chakula chake kinaliwa na wengine. Ila dawa apewe na daktari kwa uzito wake, akishapata nguvu. Mlioko Mtwara, TVLA (Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania) wana kituo huko, mnaweza kuwauliza kuhusu kupima kinyesi.

Na wenye Yorkshire na Maltese mnisikie: akishavuka miezi 5 na bado anaanguka ingawa anakula vizuri, msiendelee kumpaka asali nyumbani. Wapo wanaozaliwa na mshipa wa damu unaopita kando ya ini badala ya kupita ndani, damu haisafishwi na ini halikui. Huyo anahitaji uchunguzi.

#21 Mchangiaji (Nachingwea)

Wakuu, habari za asubuhi. Daktari alifika saa 5:30, akamkuta ameshakula vijiko viwili. Hakumwekea dripu, akakaa naye karibu saa nzima kumwangalia. Leo amerudi kumpa dawa ya minyoo. Tumempima kwenye mzani wa duka la jirani, gramu 620. Mke wangu ameandika saa za kumlisha kwa chaki kwenye mlango wa jiko.

#22 Mleta uzi

Hongera sana, na mpe hongera shemeji kwa kutetemeka lakini kupaka. Kesho asubuhi mpime tena muda uleule, kabla hajala, na ulete namba hapa.

#23 Mchangiaji (Nachingwea)

Gramu 635. Minyoo imetoka, mingi kama tambi. Sasa hivi analala juu ya kiatu changu, na mlo wa saa 4 umekaribia, naenda kumwamsha.